Tumesomesha, Mabadiliko Yako Wapi?

Sisi ni mama lishe, wachuuzi wa samaki, mafundi uashi, walinzi wa usiku na madereva wa bodaboda. Tunakaa mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, na wengi wetu tuna wazazi na wadogo zetu bado wako vijijini. Kwenye mikutano ya shule huwa tunakaa nyuma, tunapiga makofi pale wengine wanapopiga, halafu tunarudi nyumbani tukinung'unika njia nzima. Leo tumeamua kuyaandika manung'uniko yetu, maana kuyasemea njiani hakujatusaidia.

Tangu utoto tumeimbiwa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwamba ndiyo silaha ya kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Tuliamini, na tunaamini mpaka leo. Kuna mama hapa mtaani aliuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe ili binti amalize chuo. Kuna baba analinda maduka mawili usiku mmoja, anakimbia toka huku kwenda kule, ili kijana wake apate nauli ya kwenda sekondari. Watu wa namna hii hawahitaji kuhamasishwa. Lakini kila mahafali mgeni rasmi anasimama na kutusihi tupeleke watoto shule, na watoto wenyewe wako mbele yake, wamevaa sare, wamesimama juani tangu saa mbili asubuhi. Tumeshawapeleka. Swali letu ni lingine: yale mabadiliko tuliyoahidiwa yanamfikia nani?

Tunauliza hivyo kwa sababu wazee wetu waliyaona mabadiliko hayo kwa macho yao. Nchi ilipopata uhuru, watu wazima wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata kisomo kikaenea hadi vijijini. Watu walisoma chini ya miembe, kwenye maghala, katika ofisi za chama, na mara nyingine aliyeshika chaki alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba mwaka uliopita, anamfundisha shangazi yake. Vitabu vya kisomo chenye manufaa vilizungumzia pamba, migomba na ng'ombe, yaani mambo ambayo msomaji aliamka nayo asubuhi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 ilihesabiwa kwamba watu wazima wasiojua kusoma walibaki kama mmoja katika kila kumi.

Na ilikuwepo kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Waliokuwepo bado wanaisimulia kwa furaha. Watu wapatao milioni mbili walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Kikundi kilikaa, kikasikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadiliana, kisha watu wakainuka wakaenda kufanya walichokubaliana: kuchimba choo, kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Mzee mmoja wa kwetu anasema hakuna mtu anayeweza kumbishia kwamba elimu inabadilisha jamii, kwa sababu choo cha nyumbani kwake alichimba mwenyewe wiki ileile aliyofundishwa.

Sisi tunaona iliwezekana kwa sababu tatu zilizokwenda pamoja. Hakukuwa na mtihani wa kumwondoa mtu kikundini. Aliyeelimika alibaki palepale, jirani zake wakafaidi alichokijua. Na mkubwa na mdogo walisikiliza redio ileile. Siku hizi yote matatu yamegeuzwa. Shule yetu inachuja, anayefaulu anahama, na wakubwa wamekwisha kuhamisha watoto wao kitambo.

Hili la mwisho ndilo linalotuuma kuliko yote, na tutalisema bila kuzunguka.

Hofu ya jambo hili si ya leo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria. Waliona ni kuonewa, kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wa msomi kwa ajili ya kulitumikia taifa. Nyerere aliwafukuza karibu 400, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Unaweza kubishana na mengi katika siasa za wakati ule, na sisi wengine tumefundishwa na foleni za sukari za miaka ya 1980 kutokubali kila kitu. Lakini hofu yake ilikuwa ya kweli. Aliogopa nchi maskini itumie fedha zake chache kuwasomesha wachache, kisha wachache hao wajione ni watu wa aina nyingine.

Angalia barabara yetu saa kumi na mbili asubuhi. Mabasi ya njano ya shule binafsi yanapita kuchukua watoto getini, mmoja baada ya mwingine. Humo ndani wamo watoto wa maofisa, wa wakaguzi, wa wanasiasa, wa wataalamu wanaopanga bajeti ya shule yetu. Wamo hata watoto wa baadhi ya walimu wa shule yetu, na hao hatuwalaumu, maana wao ndio wanaojua zaidi yanayotendeka darasani. Pembezoni mwa barabara hiyohiyo wamesimama watoto wetu, wameshika shilingi 200 za nauli ya mwanafunzi, wanakimbilia daladala na konda anawazuia mlangoni kwa sababu mtu mzima analipa zaidi. Daladala ya tatu au ya nne ndiyo inawachukua. Wakifika shuleni kengele imeshapigwa, na mlangoni yupo mwalimu wa zamu na fimbo.

Wazazi wa watoto wa mabasi ya njano, wengi wao, walisoma bure au karibu na bure. Walipewa waranti ya treni kwenda shule ya bweni mkoa wa mbali, wakalala bweni moja na watoto wa makabila wasiyoyajua, wakala ugali na maharage ya serikali. Pamba na kahawa za babu zetu ndizo zilizowasomesha. Hatuwachukii kwa kusoma. Tunasema tu kwamba shule zile ziliwajenga wao, na walipomaliza kujengwa wakaziacha. Tangu miaka ya 1990 milango ya shule binafsi ilipofunguliwa wazi, kila mwenye uwezo ametoka. Na mtu akishaondoa mtoto wake shuleni, choo cha shule kikijaa hakimnukii.

Tutakuwa waongo tukisema hakuna kilichofanyika. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikafutwa kuanzia Januari 2016, na ada ya kidato cha tano na sita ikafutwa mwaka 2022. Mwaka 2021 yalijengwa madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, na mojawapo watoto wetu wanasomea. Kabla ya shule za kata, mtoto wa huku akimaliza darasa la saba alikuwa amemaliza kweli. Haya tunayashukuru kwa dhati.

Lakini katika elimu hii bila malipo, ruzuku iliyopangwa kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na sehemu yake inakatwa kwanza kwa ajili ya vitabu. Ukiigawa hiyo elfu kumi kwa siku za masomo, unapata kama shilingi 50 kwa siku. Hapa kwetu hata andazi hulipati kwa bei hiyo. Chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya kitasa, vyote vinatakiwa vitoke humo. Kwa hiyo mchango uliofukuzwa mlango wa mbele umeingia kwa mlango wa uani: mchango wa mlinzi, mchango wa uji, mchango wa mitihani ya kila wiki, mchango wa masomo ya ziada, mchango wa dawati. Kwenye mkutano tunaambiwa ni wa hiari. Asubuhi yake mtoto asiyelipa anaitwa jina mstarini mbele ya wenzake, au anabaki nje ya chumba wakati wenzake wanafanya mtihani. Mama mwenye watoto wanne shule moja hana hiari yoyote hapo.

Darasani mwongozo unataka watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Mzazi yeyote wa mtaa wetu aliyewahi kuchungulia dirishani anajua kwamba wapo zaidi ya mara mbili ya hapo, wengine sakafuni, na kwamba shule inaingia kwa zamu, wa asubuhi na wa mchana. Mwalimu wa namna hiyo atasahihisha madaftari mangapi? Atamjua nani kwa jina? Mtoto anaweza kufika darasa la tano hajui kusoma sentensi, na asitokee mtu wa kumgundua, maana ananakili vizuri ubaoni na sauti yake inapotelea katika sauti za wenzake.

Halafu kuna jambo ambalo hatuelewi kabisa na tunaomba mwenye akili zaidi atueleze. Shuleni hakuna walimu wa hesabu wa kutosha. Mtaani wapo vijana waliohitimu ualimu wa hesabu, shahada mkononi, wanaendesha bodaboda. Mmoja wao ndiye anayempeleka mwalimu mkuu kazini kila asubuhi. Nafasi zikitangazwa, waombaji ni wengi kupita kiasi, naye ameomba zaidi ya mara moja. Wakati akisubiri anaambiwa ajitolee, na akijitolea analipwa kwa ule mchango wetu wa masomo ya ziada. Deni la mkopo wa chuo linamngoja. Siku atakayoajiriwa, asilimia 15 ya mshahara itakatwa kulilipa. Wakubwa wakija wanamwambia ajiajiri. Kwa miaka yote aliyokaa darasani hakuna aliyemfundisha kujiajiri. Alifundishwa kukariri ajibu mtihani, na aliujibu vizuri.

Lugha nayo. Shule ya msingi mtoto anafundishwa sayansi kwa Kiswahili, anauliza maswali, anaeleza jinsi mmea unavyotengeneza chakula hadi bibi yake anaelewa. Januari anaingia kidato cha kwanza, na mambo yaleyale yanakuja kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu anakitafuta. Mtoto aliyekuwa anauliza ananyamaza. Anayetoka kwenye basi la njano hakutani na ukuta huo, kwa hiyo wanapokaa kwenye mtihani mmoja hawajakaa kwenye mtihani mmoja. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Sekondari imebaki na Kiingereza. Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri, nchi ikatikisika, tume ikaundwa, matokeo yakapangwa upya, na sisi tukabaki na watoto waliokaa miaka minne sekondari wakatoka wanaamini kwamba wao ni wajinga. Mtoto wa namna hiyo hatabadilisha jamii, kwa kuwa ameshakubali kwamba hana la kusema.

Tuzungumze kuhusu mabinti, maana hapo ndipo tunapoona wazi nguvu ya shule, na wazi vilevile mahali inapomwacha mtu.

Kwa wengi wetu, mabadiliko makubwa kuliko yote tuliyoyaona katika maisha yetu ni binti kusoma. Mama zetu waliolewa wakiwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, wakazaa kabla miili haijakomaa, wengine wetu hatukuwajua. Binti aliyefika kidato cha nne anaolewa akiwa mkubwa, anajua kusoma kadi ya kliniki ya mwanawe, anabishana na anayetaka kumpunja sokoni. Akipigwa anajua pa kwenda. Hata anayeuza vitumbua, akiwa amesoma, anaandika hesabu zake na anajua mkopo wa kausha damu unamla kiasi gani.

Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa. Anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, anaweza kufungwa miaka 30. Tuliishangilia sheria hiyo. Ila tazama inavyofanya kazi. Inamlinda mwanafunzi. Binti akikosa kufaulu darasa la saba, uanafunzi unakwisha siku ileile, naye ana miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandikwa kuruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019, na miaka ikaendelea kupita bila Bunge kugeuza kifungu hicho. Kwa hiyo matokeo ya mtihani wa siku mbili yanaamua kama binti ni mtoto wa kulindwa au ni mke. Tunazijua nyumba ambazo mshenga alibisha hodi wiki matokeo yalipobandikwa.

Na aliyepata mimba akiwa shuleni? Kwa miaka mingi alifukuzwa moja kwa moja, na mwaka 2017 tukaambiwa waziwazi kutoka juu kabisa kwamba hatarudi. Novemba 2021 serikali ikaruhusu arudi. Ruhusa hiyo ni haki, na waliopigania tunawapongeza. Lakini mtoto mchanga ananyonya. Bibi yake, ambaye ndiye angemshika, saa kumi alfajiri yuko jikoni anakanda unga wa chapati za kuuza, maana asipouza hawali. Binti anarudi darasani wiki mbili, maziwa yanalowanisha shati, wenzake wanacheka, anaacha. Kwenye karatasi ameruhusiwa. Kwenye nyumba yetu hajaweza. Chumba kimoja karibu na shule, mama mmoja analipwa kushika watoto hao, kingefanya zaidi ya hotuba kumi.

Ndiyo maana sera mpya, toleo la 2023, tuliipokea kwa moyo wote ilipotufikia. Inasema elimu ya lazima iwe miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Maana yake kwetu ni kwamba yule binti hatatolewa nje na mtihani wa darasa la saba. Atabaki mwanafunzi mpaka kidato cha nne, na sheria itamshika mkono mpaka hapo. Ikitekelezwa kama ilivyoandikwa, hilo ni badiliko kubwa kuliko mengi tuliyopigiwa ngoma.

Lakini kwa kuwa tumeshazoea kuhesabu, tumehesabu. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo wanamaliza darasa la saba wale wa mtaala wa zamani. Januari 2028 makundi mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Katika sekondari ya kata yetu, madarasa ya sasa hayatoshi kundi moja. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, nao unataka karakana, cherehani, mashine za kuchomelea, walimu wanaojua kazi ya mikono. Fundi wa kuchomelea mageti hapa mtaani ameshajitolea kwenda kufundisha, akaambiwa hana cheti. Basi apewe utaratibu wa kupimwa ujuzi wake, kwa kuwa VETA wanafanya hivyo kwa mafundi, na watoto wajifunze kwa mtu anayeishi kwa kazi hiyo.

Hatutaki kuambiwa tena umuhimu wa elimu. Tunataka, kabla ya Januari 2028, tubandikiwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa idadi ya madarasa, madawati, matundu ya vyoo na walimu watakaopokea makundi hayo mawili, shule kwa shule, na fedha zimetoka wapi. Tunataka ruzuku ya shilingi 10,000 ipandishwe ifanane na bei za leo, na mchango unaoitwa wa hiari uwe wa hiari kweli, mtoto asiguswe. Tunataka vijana wenye shahada za ualimu walioko mtaani waajiriwe katika shule zisizo na walimu. Tunataka umri wa kuolewa msichana uwe miaka 18 kwenye sheria.

Na kwa ninyi mnaopanga mambo ya shule za umma, kuanzia halmashauri hadi wizarani hadi bungeni: warudisheni watoto wenu tusome pamoja. Hata mmoja mmoja, kwa kuanzia. Siku mtoto wa mkurugenzi atakapokaa sakafuni na wa kwetu, dawati litapatikana kabla ya kengele ya kutoka.